Detanderi ya mpiga mbizi: kifaa ambacho "Article 15" haikiwezi

LUBUMBASHI – Mji huu unaishi kwa ufundi. Motopompu ikikosa kipuri, taksi-basi ikipasuka tiyo ya radiata, grupu ya umeme ikigoma, hakosi fundi wa Kenya ama Katuba atakayekata kipande cha mpira kuukuu na kazi ikaendelea. Ni Article 15, ile sheria ambayo hakuna aliyeisoma lakini kila mtu anaifuata: jitafutie njia. Lakini kuna kifaa kidogo, kinachoenea katika viganja viwili, ambacho sheria hiyo haikifai. Ni detanderi, chombo kinachopunguza nguvu ya hewa itokayo kwenye chupa ili mpiga mbizi aweze kupumua chini ya maji. Kikitengenezwa vibaya, anayelipa si fundi, ni yule aliye chini.

Mbali na bahari, karibu na maji

Msomaji anaweza kuuliza: habari hii inatuhusu nini sisi wa Lubumbashi, tulio mbali hivi na bahari? Jibu liko kwenye mito na maziwa yetu. Kwenye mto Lufira kuna mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni. Kwenye Lualaba, katika jimbo jirani, kuna Nzilo na Nseke. Bwawa la Mwadingusha linafanya kazi tangu mwaka wa 1930. Katika bwawa lolote la namna hiyo, mageti na vyuma vya kuzuia takataka viko chini ya maji. Kuviangalia kuna njia chache tu: ama maji yapunguzwe, ama mtu azame.

Upande wa kaskazini-mashariki kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Kwa miaka mingi wapiga mbizi wameingia humo, sehemu zisizo na kina kirefu, kukamata samaki wadogo wa rangi wanaouzwa kwa wafugaji wa samaki wa nyumbani huko Ulaya, Asia na Marekani. Na katika mto Kasai, pande za Tshikapa, na katika mito ya kaskazini-mashariki mwa nchi, vijana wanazama kutafuta almasi na dhahabu. Wote hao, pumzi yao inapitia kwenye mpira.

Kilizaliwa mgodini

Watu wengi wanadhani detanderi ilitoka baharini. Kumbe ilitoka kwa watu wa kazi kama yetu. Benoît Rouquayrol alikuwa ingenia wa migodi huko Ufaransa. Mwaka wa 1860 alipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha kupima gesi inayotoka, na shabaha yake ilikuwa kuwapa pumzi watu wanaoingia mgodini penye hewa mbaya kuwaokoa wenzao. Miaka michache baadaye, akishirikiana na ofisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, alikibadilisha ili kitumike majini. Mwandishi Jules Verne alikitaja katika riwaya yake ya Kapiteni Nemo.

Shida ilikuwa chupa. Vyuma vya wakati ule havikuweza kubeba hewa nyingi, kwa hiyo mtu hakuweza kwenda mbali. Kazi ilirudiwa mwaka wa 1943, katikati ya vita. Ufaransa ilikuwa imekosa esansi, na magari mengi yalitembea kwa gesi. Ingenia Émile Gagnan alikuwa na kifaa cha kupima gesi inayoingia kwenye motere. Yeye na Jacques-Yves Cousteau walikigeuza kimpimie mtu hewa badala ya kupimia gari gesi. Detanderi za leo ni watoto wa kifaa hicho.

Kutoka bari 200 hadi pumzi ya kawaida

Chupa ya kawaida ya mpiga mbizi ina ukubwa wa lita 12, na hewa hujazwa hadi bari 200. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo linabeba bari 2 na kitu. Hakuna mapafu yanayoweza kupokea nguvu kama hiyo. Detanderi inaishusha kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza imefungwa juu ya chupa. Ndani yake kuna resori nzito, pistoni ama ngozi ya mpira, na kiti kidogo cha plastiki ngumu ambacho hufunga na kufungua njia ya hewa. Hapo bari 200 zinashuka hadi 9 au 10 juu ya nguvu ya maji yanayomzunguka mtu. Hatua ya pili ndiyo ile iliyo mdomoni. Mtu akivuta pumzi, ngozi nyembamba ya mpira inaingia ndani, inasukuma mkono mdogo wa chuma, na hewa inapita. Akiacha kuvuta, inajifunga.

Kila mita 10 za maji zinaongeza karibu bari 1. Kwa hiyo mtu aliye mita 20 chini anabanwa na bari 3, na hewa anayopewa lazima iwe na bari 3 hizo hizo, la sivyo kifua hakipanuki. Detanderi inafanya hesabu hiyo kila pumzi, bila betri na bila umeme.

Sehemu kubwa ya mwili wa kifaa hicho ni shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ikapakwa kromu juu. Ni madini yale yale yaliyochimbwa kwa miaka mingi Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa.

Kinasema kabla ya kufa

Jambo la bahati ni kwamba detanderi mara nyingi haifi kwa ghafla. Inatoa dalili, na fundi anayejua anazisoma.

Dalili ya kwanza iko kwenye kichujio kidogo, pale hewa inapoingia kutoka kwenye chupa. Kikiwa na rangi ya kijani, maji yaliingia na shaba imeanza kuliwa. Ni kutu ya kijani ambayo mtu wa Katanga haitaji kuelezwa. Kikiwa chekundu ama kahawia, ni kutu ya chuma kutoka ndani ya chupa, na hapo chupa yenyewe ifunguliwe iangaliwe. Kikiwa cheusi, kuna vumbi kutoka kwenye kompresa ama kwenye chupa. Kubadilisha kichujio bila kutafuta chanzo cha uchafu ni kuufunika ugonjwa.

Dalili ya pili inaonekana kwenye manometa. Fundi anaunganisha manometa upande wa hewa iliyopunguzwa na kufungua chupa. Sindano inapanda hadi kipimo cha kifaa hicho, tuseme bari 9 na nusu, kisha inapaswa kusimama. Ikiendelea kupanda polepole, hata kwa dakika chache, kile kiti cha plastiki kimechoka na hakifungi tena. Majini, hewa hiyo ya ziada itasukuma hatua ya pili mpaka ifunguke yenyewe. Detanderi nyingi zimetengenezwa hivyo kwa makusudi: zikiharibika zitoe hewa nyingi kuliko kukata kabisa. Ni afadhali, lakini chupa inayovuja hivyo inaweza kumalizika kwa dakika chache tu, na mtu yuko mita 20 chini.

Dalili ya tatu anaisikia mpiga mbizi mwenyewe: matone ya maji kila anapovuta pumzi. Ngozi ya mpira ama kile kifuniko cha kutolea pumzi kimepasuka au kimekunjamana.

Revizio inafanywaje

Viwanda vingi vinaomba detanderi ifunguliwe kila mwaka ama kila baada ya kuzama mara 100, lolote litakalotangulia. Vingine vimeongeza hadi miaka 2, lakini vinataka kifaa kiangaliwe kila mwaka. Kukaa kabatini hakukiponyi kifaa, kwa sababu mpira unakauka hata usipotumiwa.

Kazi inaanza kwa kupima kabla ya kufungua, ili fundi ajue anatafuta nini. Kisha kila kipande kinatolewa na kupangwa kwa utaratibu kwenye kitambaa safi. Pete zote za mpira zinatupwa, hata zile zinazoonekana nzima. Kiti cha plastiki na kichujio vinatupwa pia. Vyuma vinaoshwa kwa maji ya sabuni, na penye kutu ya kijani vinalowekwa kwa dakika chache katika maji yenye asidi nyepesi. Vinasuuzwa sana na kukaushwa kwa hewa safi. Fundi anaangalia kwa lenzi sehemu ambako pete inakaa: mkwaruzo mwembamba kama unywele unatosha kupitisha hewa.

Pete mpya zinapakwa grisi maalum, kidogo sana. Kila kitu kinarudishwa na kukazwa kwa kipimo cha kiwanda. Halafu inakuja tena manometa: hewa inafunguliwa, mtu anavuta pumzi mara nyingi, sindano inaangaliwa, kifaa kizima kinazamishwa ndani ya maji kuona kama kuna viputo. Mwisho, tarehe na vipuri vilivyobadilishwa vinaandikwa kwenye daftari.

Mpaka wa Article 15

Je, katika kazi hiyo yote hakuna nafasi ya ujanja wetu? Ipo. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu inafanya kazi nzuri ya kuondoa kutu ya kijani, mradi isiachwe muda mrefu. Mswaki wa zamani unasafisha kuliko brashi nyingi za bei. Kijiti cha mbao ama cha shaba ya njano kinatoa pete bila kukwaruza, kuliko bisibisi ya chuma. Fundi wa machini anaweza kuchonga funguo ambayo haipatikani dukani.

Lakini kuna mpaka. Pete iliyokatwa kwenye tyubu ya tairi haina kipimo sawa wala mpira sawa. Itashika mezani, itapasuka chini. Resori haivutwi kwa koleo ili ipate nguvu. Kiti kilichochoka hakisuguliwi kwa msasa. Vipuri vya modeli moja haviwekwi kwenye nyingine kwa sababu vinafanana kwa macho. Na grisi ya gari, oili ya motere, esansi ama mazutu havigusi detanderi hata kidogo: vinakula mpira, na mvuke wake unaingia katika mapafu ya mtu.

Kwa ufupi, unaweza kubuni kila kitu ambacho hakibaki ndani ya kifaa. Kile kinachobaki ndani lazima kiwe chenyewe.

Ndugu zake tunaishi nao

Kanuni hii inapita mbali na wapiga mbizi. Masuderi wetu wana detanderi kwenye chupa za oksijeni na asetilini. Hospitali zina detanderi kwenye chupa za oksijeni za wagonjwa. Wazima moto, na timu za uokoaji za migodi ya chini ya ardhi, wanabeba vyombo vya kupumulia vyenye detanderi.

Kwenye oksijeni hatari ni kubwa zaidi. Oili ama grisi ya kawaida ikikutana na oksijeni yenye nguvu inaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Suderi anayepaka grisi kwenye nyuzi za skrubu ili detanderi ifunge vizuri anatega bomu mkononi mwake. Mikono iliyotoka kwenye oili ioshwe kabla ya kugusa chupa ya oksijeni, na chupa ifunguliwe polepole.

Wanaozama bila detanderi

Wako pia wasio na detanderi kabisa. Wachimbaji wengi wa mitoni wanavuta hewa kwa tiyo ndefu kutoka kompresa iliyo juu ya mtumbwi au raft. Kompresa ya kujazia matairi haikutengenezwa kwa ajili ya mapafu. Inaweza kutuma mvuke wa oili, na ikivuta moshi wa motere yake yenyewe, inatuma monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayomlaza mtu bila kujua. Motere ikizimika, hewa inakatika, na mpira usio na klape ya kuzuia hewa kurudi unaweza kumnyonya pumzi.

Kwa watu hao, hatua za mwanzo si za gharama kubwa: mdomo wa kuvutia hewa uwekwe mbali na moshi, upande upepo unakotoka, kichujio kibadilishwe, klape ya kuzuia kurudi ifungwe, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine isipokuwa kuilinda motere.

Maswali ya kuuliza

Kijana anayekabidhiwa detanderi na mwenye kazi ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuingia majini: ilifunguliwa lini mara ya mwisho, nani aliifungua, na vipuri gani vilibadilishwa. Kama hakuna daftari la kujibu, ipimwe kwanza.

Kuna pia kipimo ambacho hakihitaji fundi wala franga. Detanderi ikiwa imefungwa kwenye chupa, fungua hewa, kisha ifunge, maliza ile iliyobaki ndani ya tiyo, halafu vuta kwa mdomo. Hapo hakuna kitu kinachopaswa kuja. Ikikuletea hewa, hata kidogo, kuna tundu mahali fulani, na tundu hilo litaleta maji ukiwa chini. Irudishe kwa fundi.