Lugha ya Akiba katika Habari Zinazoandikwa na Watoto

Mwanachuo atakayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika Bonde la Kilombero atakuta darasani lugha zaidi ya moja. Wandamba, Wapogoro na Wambunga ni wenyeji wa siku nyingi. Mashamba ya miwa ya Kidatu na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, yalileta watu wa kila pembe. Nao Wasukuma wamehamia na mifugo yao. Lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali ni Kiswahili, tangu mwaka 1967. Lakini Kiswahili cha mtoto mdogo huweza kumwishia katikati ya sentensi, naye hukimbilia lugha nyingine. Hiyo ndiyo tunayoiita lugha ya akiba.

Tuchukue gazeti la ukutani la Darasa la Pili mjini Ifakara. Mtoto wa Kisukuma ameandika: "Mayu kaenda kuchota minzi." Walimu wengine hufuta, huandika "Mama" na "maji", kisha huibandika sentensi kana kwamba ni ya mtoto. Wengine, kwa kudhani kuwa akiba ya kila mtoto wa hapo ni Kindamba, humwita mtoto wa Kindamba aifafanue. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa maana huifanya lugha ya mahali kuwa lugha ya mtu. Mwandishi wetu hunyamaza, na juma lijalo haandiki.

Twapendekeza sentensi ibandikwe kama ilivyoandikwa. Chini yake mwalimu aweke Kiswahili chake, na pembeni aitaje lugha yalikotoka maneno yale, wasomaji wasije wakadhani kuwa "minzi" ni Kiswahili wasichokijua. Lugha ya akiba ya kila mtoto iandikwe mapema katika daftari la mwalimu, baada ya kumwuliza mtoto mwenyewe au mzazi. Isikisiwe kwa jina wala kwa kijiji. (Wako watoto wasiojua lugha nyingine ila Kiswahili. Hao wasitafutiwe kabila darasani.)

Na neno lisiloeleweka kwa yeyote? Liachwe lilivyo, nafasi ya tafsiri ibaki tupu, na mtoto aombwe achore au aonyeshe kwa vitendo. Tafsiri ya kubahatisha hukaa ukutani muhula mzima, na watoto huinakili katika madaftari yao.