JEMBE LA MZEE KATIKA KOMPYUTA

Je, umewahi kufika soko la Tunduma asubuhi na mapema? Mfanyabiashara hufungua mzigo wake. Hutandika turubai chini. Hupanga vitenge upande huu na viatu upande ule. Mpita njia huona, husimama, huuliza.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha George Mason, huko Marekani, walitoa programu ya kompyuta. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta kazi ya kufanya. Waliiita Omeka. Wanasema neno hilo ni la Kiswahili, na maana yake ni kufungua mzigo na kupanga bidhaa zionekane. Mimi sijalisikia hapo sokoni hata mara moja! Lakini kazi yenyewe naiona kila siku.

Programu hiyo husaidia makumbusho ndogo kupanga picha za vitu vyao katika intaneti. Mtu aliye Vwawa, Nakonde au London huviona kwa simu yake. Nayo hupatikana bila kulipa.

Utauliza, sisi wakulima inatuhusu nini?

Sote tunakijua kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Wenyeji walikijua tangu zamani. Watu wa nje walipata habari zake mwaka 1930. Kina urefu wa kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Sehemu kubwa yake ni chuma. Hakuna mwizi wa kukibeba. Hata hivyo, kitazame vizuri kwenye ncha yake. Utaona mapengo. Watu walikata vipande wakaenda navyo kwao.

Ikiwa kimondo kimekatwa, vitu vidogo vitasalimika? Wanyiha wa zamani walijua kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri na kufua majembe. Majembe hayo yako wapi leo?

Nitakuambia la kwangu. Katika kazi ya ugani nilikaribishwa na mzee mmoja wa Mbozi. Alinionyesha jembe alilofua baba yake. Nikamwambia, "Mzee, nitarudi nilipige picha." Palizi ikanishika, kisha mavuno. Niliporudi, mjukuu alikuwa amekwisha kuliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Liliuzwa kwa kilo. Mzee hakunilaumu, lakini mimi najilaumu.

Basi, tuseme kijiji chenu kina chumba kimoja cha vitu vya kale. Mnaanzaje?

Anzeni na picha. Simu yatosha. Weka kitu juu ya kitambaa cheupe, nje, mahali penye kivuli. Piga mbele, nyuma na ubavuni. Weka rula karibu, ili mtazamaji ajue ukubwa wake.

Halafu andikeni maelezo. Hii ndiyo kazi kubwa, na wengi huiruka. Picha isiyo na maelezo ni kama gunia la mbegu lisilo na jina. Utapanda nini? Omeka hukupa fomu ya kujaza. Fomu hiyo hufuata utaratibu wenye vipengele 15, ambao makumbusho na maktaba nyingi duniani huutumia. Ulianzia katika mkutano wa mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani. Kitu kinaitwaje? Nani alikitengeneza? Lini? Wapi? Nani mwenye haki juu yake? Si lazima kujaza vyote. Lakini jina la kitu liandikeni pia kwa lugha ya wenyeji, kama wazee wanavyolitamka.

Fomu hizo na picha hukaa katika kompyuta iwakayo usiku na mchana. Huitwa seva. Ninyi hamhitaji kuinunua, hukodishwa. Hapa pana gharama. Programu ni bure, lakini seva hulipiwa kila mwaka, pamoja na jina la tovuti. Msipolipa, maonyesho hufungwa. Kwa hiyo kamati ijue mapema fedha itatoka wapi. Nakala za picha zote zikae pia mahali pengine pawili. Na mzipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, maana picha nzito humla mtazamaji bando.

Tena kuna ruhusa. Si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Viko vitu vya tambiko. Viko vya ukoo. Omeka ina kisanduku kidogo cha kutia alama. Usipotia alama, kitu huonekana na wenye kazi hiyo tu. Ukitia, dunia nzima huona, na mtu akishanakili picha yako huwezi kumnyang'anya. Waulizeni wenye kitu kwanza. Nao wakikataa, wamekataa.

Yule mzee bado ana kitu kimoja, mvukuto wa ngozi wa kupulizia tanuri. Uko darini, umekauka na panya wameula pembeni. Safari hii nilikwenda na simu yenye chaji na daftari. Nimeupiga picha pande zote, na jina lake la Kinyiha nimeliandika. Ile alama bado sijaitia. Mzee anataka kwanza kumwuliza dada yake, anayekaa Tunduma.