Athari ya Tando Nyembamba Mno za Bayomateriali katika Mshikamano wa Seli

Kipandikizi kinapowekwa mwilini, kiwe nyonga bandia au skrubu ya jino, tishu hukutana kwanza na uso wake. Mwaka 1987, Anthony Gristina aliielezea hali hiyo kuwa ni mashindano ya kuuwania uso: seli za mgonjwa na bakteria hugombea nafasi ileile. Bakteria wakitangulia, hujijengea ukoga unaowakinga dhidi ya dawa, na mara nyingi kipandikizi hulazimika kuondolewa. Makala haya yanafafanua namna tando nyembamba mno zinavyoathiri mashindano hayo, na kwa nini kemia ya utando pekee haitoshi kueleza mshikamano wa seli.

Kwa kawaida, seli haishikamani na maada tupu. Uso unapogusana na damu, protini huutanda ndani ya muda mfupi sana, kabla seli hazijafika. Miongoni mwa protini hizo ni fibronektini, ambayo ina mfuatano mfupi wa asidi amino tatu: arginini, glisini na asidi aspatiki. Mwaka 1984, Pierschbacher na Ruoslahti walionesha kuwa mfuatano huo ndio unaotambuliwa na seli. Vipokezi vya seli viitwavyo integrini huunasa, hukusanyika pamoja, kisha huunganishwa na nyuzi za aktini zilizo ndani ya seli. Hivyo basi, utando huathiri seli kwa njia mbili: kwa kuamua ni protini zipi zitakazotua na kwa umbo gani, na kwa kuhimili au kutohimili mvuto wa nyuzi hizo.

Mbinu mojawapo ya kutengeneza tando hizi ni ile ya tabaka juu ya tabaka, iliyoendelezwa na Gero Decher na wenzake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kifaa huchovywa katika myeyusho wa polima yenye chaji chanya, husuuzwa, kisha huchovywa katika myeyusho wa polima yenye chaji hasi. Kila mzunguko huongeza tabaka jembamba, na unene hudhibitiwa kwa kuhesabu mizunguko.

Mfano ulio wazi ulitolewa mwaka 2003 na kundi la Michael Rubner katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Polima mbili zilezile, polialilamini na asidi ya poliakriliki, zilitumika kujenga tando katika viwango tofauti vya pH. Tando zilizojengwa katika pH 6.5 zilikuwa na viungo vingi vya chaji kati ya polima. Hazikuvimba sana majini, na seli zilishikamana nazo. Zile za pH 2.0 zilikuwa na viungo vichache. Zilivimba kwa wingi wa maji na kuzikataa seli. Viambato havikubadilika, kilichobadilika ni mpangilio wake.

Matokeo ya mwaka 2004 kutoka Strasbourg yaliunga mkono mwelekeo huo. Tando za polilisini na asidi ya hialuroniki, ambazo ni laini na zenye maji mengi, hazikushikwa vyema na seli. Zilipofungamanishwa kwa viungo vya kikemia, zilikakamaa na mshikamano ukaimarika.

Hata hivyo, tafsiri ya matokeo hayo yahitaji hadhari. Ufungamanishaji hutumia vikundi vya kaboksili na amini, hivyo hubadilisha ukakamavu, chaji na uvimbaji kwa pamoja. Isitoshe, utando wa nanomita chache uliolazwa juu ya kioo au titani huenda usiifiche seli ugumu wa kilicho chini yake. Kwa hiyo, jaribio linalodai kupima athari ya ukakamavu halina budi kupima pia kiasi na umbo la protini zilizotua, pamoja na unene wa utando ukiwa majini, si ukiwa mkavu.

Kwa muhtasari, utando ufaao si ule unaoshikwa na kila seli. Uso unaozikaribisha seli za mfupa waweza pia kuwakaribisha bakteria. Thamani ya tando hizi imo katika uwezo wa kuchagua: kukataa mshikamano usio mahususi, kisha kuweka juu yake mfuatano unaotambuliwa na integrini, ambazo bakteria hawana.