Sauti Zilizohifadhiwa Katika Nta

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijamalizika, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akichukua fonografu. Watu wa huko waliimba mbele ya pembe ya chombo hicho, na nyimbo zao zikapelekwa Berlin, katika Hifadhi ya Sauti iliyoanzishwa na Profesa Carl Stumpf mwaka 1900.

Je, sauti hukaaje katika nta? Sauti ni mtetemo wa hewa. Pembe huukusanya na kuupeleka kwenye kiwambo chembamba. Kiwambo hutikisa sindano, nayo huchimba mfuo wenye mabonde na vilima vidogo mno juu ya mcheduara wa nta unaozunguka. Sindano nyingine ikipitishwa katika mfuo huo, kazi yote hugeuka kinyume, na hewa hutetemeka kama ilivyotetemeka mbele ya mwimbaji.

Lakini nta ni laini. Kila isikilizwapo hulika. Kwa hiyo mafundi wa Berlin waliipaka unga wa grafiti, ule ule wa penseli, ili ipitishe umeme, wakaitumbukiza katika myeyusho wa mrututu, yaani salfeti ya shaba. Umeme ulipopita, shaba ilijijenga juu yake hata ikawa ganda gumu. Nta ya asili iliharibika, ila ndani ya ganda ilibaki sura ya kila mfuo, na humo nta mpya iliweza kumiminwa tena na tena. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya hazina hiyo ilichukuliwa Urusi, kisha ikapelekwa Berlin ya Mashariki. Ilirudi katika jumba lake mwaka 1991.

Liko pia suala la mwendo. Mcheduara ukizungushwa upesi kupita kiasi, mzee husikika kama mtoto. Ndiyo sababu wasafiri waliagizwa kupuliza kwanza firimbi ya mitetemo 435 kwa sekunde. Fundi wa leo hurekebisha mwendo hadi firimbi ilie sawasawa. Hila ndogo, yenye manufaa makubwa.

Hata hivyo fizikia hairudishi kisichoandikwa. Mara nyingi wasafiri wa zama hizo waliandika kabila na mahali, wakaacha jina la mwimbaji na sababu ya wimbo. Kutambua kama ni wimbo wa unyago, wa mazishi au wa kumdhihaki mgeni mwenye pembe kunahitaji sikio lililolelewa katika Kiyao, Kimakua au Kimakonde. Sikio hilo liko Masasi au Newala, wala si Berlin, na aghalabu ni la mtu mwenye umri mkubwa.