REFURBISHED: Neno Linalouza Simu, na Linaloweza Kukuharibia Jina

Tuseme uko zako Kijenge, umeposti simu kwenye stetasi: "Samsung refurbished, kama mpya." Mteja wa Karatu anatuma hela, unampakilia mzigo kwenye basi. Kesho yake anakupigia: "Dada, chaji mchana tu imeisha! Si ulisema mpya?"

Kweli hukusema mpya. Lakini pia hukumweleza neno lile lina maana gani. Tulielewe leo.

👉 ASILI YAKE
Kiingereza kililitoa kwenye Kifaransa cha zamani, "forbir", yaani kung'arisha, hasa silaha. Ile "re" ya mbele ni "tena". Kwa hiyo kwenye mzizi wake ni kitu kilichong'arishwa upya.

👉 MAANA YAKE SOKONI
Hapa kung'arisha peke yake hakutoshi. Ni kifaa kilichotumika au kilichorudishwa na mteja, kikakaguliwa, kikatengenezwa palipoharibika, kikapimwa, ndipo kikauzwa tena. Kama umefuta vumbi na kuweka kava jipya tu, hiyo bado ni used. Iite used.

Na refurbished siyo feki. Feki ni ya kuigiza tangu inatengenezwa. Refurbished ni orijino iliyorekebishwa.

👉 KABLA HUJAPOSTI
1. Muulize aliyekuuzia: nini kimebadilishwa? Betri? Kioo? Akishindwa kujibu, usiandike refurbished.
2. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, kisha itume kwa meseji kwenda 15090. Jina la simu litakalorudi lifanane na simu uliyoshika. Tangu Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki, hili siyo la kupuuza.
3. Jaribu chaji, kamera, spika na laini mwenyewe.

👉 ANDIKA HIVI
"Samsung refurbished: ilishatumika, imebadilishwa betri, kioo ni chake, ina mkwaruzo mdogo nyuma. Warranty ya mwezi 1."

Warranty weka ile tu unayoweza kuitimiza. Na kumbuka, sheria ya mauziano ya bidhaa inataka mzigo ulingane na maelezo uliyouzia. Kapsheni yako ndiyo maelezo hayo.

Mteja akijua anachonunua, halalamiki kesho, na anakuletea mwingine. Kizuri chajiuza, ila kwanza kitaje kwa jina lake.

Wewe simu zako unaziandikaje? Tuambie kwenye komenti 👇