Nyoka wa Jana, Ung'ongo wa Leo

Mjini Brussels, aliyekimbia vita vya Kivu na kuomba hifadhi husimulia mkasa wake zaidi ya mara moja. Kwanza kwa ufupi, katika Ofisi ya Wageni. Baadaye, pengine miezi mingi ikiwa imepita, hukaa kwa saa kadhaa mbele ya afisa wa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi na Watu Wasio na Utaifa. Mkalimani hugeuza Kiswahili chake kuwa Kifaransa au Kiholanzi, afisa huandika, kisha maelezo hulinganishwa. Mwanzo alitaja wavamizi wanne, sasa anataja sita. Ile alfajiri imekuwa usiku. Je, anadanganya?

Mwanasaikolojia Jane Herlihy na wenzake walilichunguza swali hilo Uingereza, na mwaka 2002 walichapisha majibu katika jarida la BMJ. Waliwahoji wakimbizi 39 kutoka Kosovo na Bosnia mara mbili, kwa kupishana wiki 3 hadi 32. Watu hao walikwisha kupewa ruhusa ya kukaa. Uongo usingewaongezea kitu. Hata hivyo maelezo yao yalitofautiana, hasa katika mambo waliyoyaona ya pembeni. Kwa wenye dalili nzito za kiwewe, tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka.

Sababu imo katika namna tunavyotunza matukio. Mtutu ukikuelekea, macho hung'ang'ania mtutu; waliosimama nyuma yake hawahesabiwi. Thomas Elbert na Maggie Schauer wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, hutofautisha kumbukumbu moto na kumbukumbu baridi. Ya moto ni harufu ya moshi, mayowe, moyo kwenda mbio. Ya baridi ni mahali, siku na mpangilio wa mambo. Kwa kawaida hizi mbili huenda pamoja. Kwa mwenye kiwewe kisichopona, ile ya moto hukatika na kubaki peke yake, haina siku wala mahali. Fataki za mwaka mpya zikilipuka Brussels, mwili wake unarudi kijijini.

Wahenga walisema mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sayansi inaongeza kwamba mwili huo haujapata habari kuwa nyoka alikuwa wa jana.

Hapo ndipo ugumu ulipo: ofisi inadai tarehe na mpangilio, vitu vilevile ambavyo jeraha limevivuruga.

Elbert na Schauer, pamoja na Frank Neuner, walibuni tiba ya kuunga upya kumbukumbu hizo mbili. Mgonjwa hulaza kamba sakafuni, na hiyo ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka ua penye furaha na jiwe penye balaa. Kisha husimulia polepole, na kila akifika kwenye jiwe mtabibu hamruhusu kulikimbia. Uliona nini? Moyo ulikuwaje? Ulikuwa wapi, msimu gani? Na sasa hivi, tumekaa wapi?

Tiba hiyo ilipimwa karibu na kwetu. Katika makazi ya Imvepi, Uganda, wakimbizi 43 wa Sudan walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya waliopata tiba ya masimulizi walikuwa bado na ugonjwa wa kiwewe. Kwa waliopata ushauri wa kuwaliwaza tu, asilimia 79. Kundi lilikuwa dogo, lakini utafiti wa makazi ya Nakivale, Uganda pia, wa mwaka 2008 ulihusisha Wanyarwanda na Wasomali 277, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki chache. Miezi tisa baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa, dhidi ya 37 ya waliofuatiliwa bila tiba. Ushauri nasaha wa kiwewe nao ulifikia 65, kwa hiyo mwenye kusikiliza naye ni sehemu ya dawa.

Haya hayasemi kwamba kila maelezo yanayogongana ni ya kweli. Yanasema kwamba kugongana peke yake si ushahidi wa uongo.

Afisa na mtabibu huuliza maswali yaleyale: wapi, lini, nani? Mmoja anauliza ili apime. Mwingine anauliza ili mwenye mkasa aone mwenyewe kuwa yule wa jana alikuwa nyoka, na huu wa leo ni ung'ongo.