Kwa Nini Fyuzi ya Gari Hukatika Mara kwa Mara?

Wengi wetu tumepata kuliona jambo hili. Taa za breki za gari zazimika. Dereva afungua kisanduku cha fyuzi, akuta moja imekatika, aweka mpya, na taa zawaka. Baada ya siku mbili, katika barabara yenye mashimo, ile mpya nayo yakatika. Akisha kupoteza fyuzi tatu, hukata shauri la kufunga kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Taa zawaka tena, naye huendelea na safari akidhani kwamba gari limepona. Kwa kweli amemfukuza mlinzi, na mwizi angali ndani ya nyumba.

Fyuzi ni utepe mwembamba wa madini, aghalabu zinki, uliowekwa makusudi ili uwe sehemu dhaifu kuliko zote katika saketi. Mwaka 1841 mwanasayansi Mwingereza James Prescott Joule alieleza kwamba joto linalotokea katika waya hulingana na kipeo cha pili cha mkondo wa umeme. Yaani mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Zinki huyeyuka katika nyuzi 420 hivi za Sentigredi, lakini shaba haiyeyuki mpaka nyuzi 1085. Kwa hiyo, kipande kinene cha shaba kikishika mahali pa fyuzi, plastiki inayofunika nyaya za gari huweza kuungua kabla chenyewe hakijayeyuka. Hivyo ndivyo hitilafu ndogo inavyoweza kuliteketeza gari zima.

Tufanye hesabu ndogo. Taa mbili za breki, kila moja ya wati 21, zikitumia betri ya volti 12, huhitaji mkondo wa 42 ÷ 12, yaani ampea 3.5. Fyuzi ya ampea 10 huuchukua mkondo huo bila taabu. Sasa tuseme waya umechubuka na kugusa bodi ya gari, ambayo ndiyo njia ya umeme ya kurudia kwenye betri. Umeme haupiti tena katika taa. Hupita njia ya mkato, na hali hii mafundi huiita shoti. Ukinzani uliobaki ukiwa omu 0.1 tu, mkondo wafikia ampea 120, na joto katika waya laongezeka zaidi ya mara elfu moja. Fyuzi hukatika papo hapo.

Wakati fyuzi inapokatika hutupa dalili ya kwanza. Ikikatika mara tu inapowekwa, kabla breki haijakanyagwa, shoti imo baina ya fyuzi na swichi ya breki. Ikikatika breki inapokanyagwa, shoti imo baada ya swichi, upande wa taa. Ikikatika siku moja moja gari linaporuka mashimo, yumkini kuna waya uliochubuka unaogusa chuma na kuachana nacho. Ama fyuzi inayokatika baada ya dakika kadhaa, mara nyingi huonyesha kwamba saketi imezidiwa na mzigo: labda mtu ameunga taa za ziada, au mota ya waipa imekuwa nzito kuzunguka na inavuta mkondo mkubwa.

Hakuna haja ya kuchoma fyuzi nyingi ili kuitafuta shoti. Chukua balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili, uiunge mahali pa fyuzi iliyotolewa. Balbu hiyo inapowaka ina ukinzani wa omu 7 hivi, hivyo haipitishi zaidi ya ampea 2 hivi, na nyaya zasalimika. Ondoa balbu za breki, kisha mwenzako akanyage breki. Saketi ikiwa nzima, balbu ya majaribio haitawaka. Ikiwaka kwa mwanga kamili, umeme unapita kwenye bodi. Tikisa nyaya polepole, hasa zinapopita katika matundu ya chuma, kwenye bawaba za buti na karibu na soketi ya tela. Mahali utakapotikisa na mwanga ukazimika, ndipo penye jeraha. Njia hii isitumiwe kamwe katika saketi za mifuko ya hewa ya usalama wala za kompyuta ya gari; hizo ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Jeraha likionekana, chomoa betri, badilisha kipande kilichoharibika, kifunike vema, na ukifunge mbali na chuma. Kisha weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kisanduku. Kuweka ya ampea 30 mahali pa 10 ni sawa na kutokuwa nayo, kwa kuwa waya wenyewe haukupimiwa mkondo huo.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani. Weka uzi mmoja mwembamba wa stili waya ya kusugulia sufuria juu ya kisahani, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uguse ncha zake kwa nyaya zitokazo kwenye betri mbili za tochi. Uzi utakuwa mwekundu, kisha utakatika. Halafu waulize wanafunzi: je, ni uzi uliokosea, au ni mkondo uliozidi?